Safari ya mlimani na mbwa: Chanjo kwanza, mnyororo baadaye

Shule zikifungwa, zipo familia za katikati ya jiji la Dar es Salaam zinazokimbia joto na msongamano wa Kariakoo. Wapo wanaoishia vilima vya Pugu, na wapo wanaofika Morogoro kupanda milima ya Uluguru.

Watoto wakiomba mbwa wa nyumbani naye aende, mzazi hufikiria mnyororo, maji na chakula. Kinachosahaulika ni chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu huzuilika, lakini dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa unaua watu takriban 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mlimani hatari huongezeka. Njia ya kwenda Morningside, jengo la enzi za Wajerumani juu ya mji wa Morogoro, hupita kwenye mashamba na makazi ya watu. Mbwa mgeni akikutana na wa wenyeji, ugomvi ni rahisi kuzuka, na mtoto aliyeshika mnyororo huwa katikati. Hospitali nayo iko mbali, chini mjini.

Kabla ya kuondoka

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Kama hajawahi kuchanjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo angalau mwezi mmoja kabla ya safari ili kinga ijengeke. Tunza cheti chake.

Usimpeleke kwenye hifadhi za taifa kama Kilimanjaro au Udzungwa, kwani wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi. Sababu moja ni magonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vinavyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kwa misitu ya Pugu na Uluguru, ulizia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Mtoto aking'atwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kwa hiyo kipande cha sabuni kiwe kwenye begi, hata kama maji yatatoka kwenye chupa. Usipake pilipili, mafuta wala majani.

Kisha shukeni siku hiyohiyo, msisubiri safari iishe. Piga simu mapema kuuliza kituo chenye chanjo, kwa kuwa si kila zahanati inayo. Mtoto akianza dozi, azimalize zote, hata kidonda kikipona. Mkwaruzo, au mate ya mbwa kwenye kidonda, navyo vinahitaji kuonwa na daktari.

Jambo la mwisho halina gharama. Mtoto anayeogopa kugombezwa kwa kumchezea mbwa wa watu huficha jeraha, na dalili zinaweza kujitokeza miezi miwili au mitatu baadaye, muda wa kumwokoa ukiwa umepita. Kabla ya kufunga mabegi, mzazi amwambie mwanawe: mbwa akikugusa kwa jino, njoo uniambie, sitakuchapa.