Nyota ya Mvita: Je, Mji Una Tabia?

Wanafalaki wa pwani humtafutia mtu nyota kwa hesabu ya abjadi: thamani za herufi za jina lake na la mama yake hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 12, na baki huonyesha buruji. Je, mji nao waweza kupimwa hivyo? Tuchukue Mombasa. Kwa kuwa mji hauna mama, tutumie jina lake pekee. Likiandikwa kwa mim, mim, be, alifu, sini na he, jumla ni 148, baki 4: Saratani, buruji ya maji, inayokifaa kisiwa. Alifu ikiachwa, jumla ni 147, baki 3: Jauza, buruji ya upepo. Herufi moja imegeuza tabia ya mji mzima.

Ndivyo lilivyo jina Mvita. Wengi hulinasibisha na vita, na historia huonekana kuwaunga mkono: Wareno waliushambulia mji mwaka 1505, 1528 na 1589, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nayo ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698. Hata hivyo, mapokeo ya wenyeji humtaja Shehe Mvita, mwasisi wa ukoo wa watawala. Isitoshe, kilichowavuta wavamizi ni bandari na biashara.

Basi tabia ya mji huandikwa na wausomao. Anayeamini kwamba Mvita ulizaliwa kwa ajili ya vita hatauliza ni nani aliyeuvamia.