Unauza mitumba mtandaoni Kampala? Jua kipi kinahusu URA na kipi hakiwahusu

KAMPALA — Anayeuza jokofu lake kuukuu kupitia Jiji na anayefungua marobota ya mitumba mbele ya kamera ya simu wote wanaitwa siku hizi wauzaji wa mtandaoni. Wote hulipwa kwa pesa za simu na wote hutuma mzigo kwa bodaboda. Mbele ya sheria ya kodi ya Uganda, hata hivyo, hao ni watu wawili tofauti, na anayewachanganya anaweza kulipa asichodaiwa au kudaiwa asichokitarajia.

Tuanze na wa kwanza. Mtu anayehama nyumba akauza kochi, televisheni na baiskeli ya mtoto hafanyi biashara. Vitu hivyo alivinunua avitumie, na mara nyingi anaviuza kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia, kwa hiyo hakuna faida ya kuitolea hesabu. Mambo hubadilika pale mtu anaponunua kwa nia ya kuuza tena. Haijalishi kama ana duka Owino, ana kibanda Nakawa au ana simu tu na kikundi cha WhatsApp. Hapo ni mfanyabiashara, na mauzo yake ni mapato ya biashara. Aidha, jokofu lililokuwa likitumika dukani ni mali ya biashara hata kama limechakaa. Likiuzwa, huingia kwenye hesabu za duka.

Wapo wanaoamini kwamba kodi ya mtandao wameshailipa. Imani hiyo ina historia yake. Kuanzia 1 Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia Facebook, WhatsApp na mitandao mingine kama hiyo. Kodi ile ilifutwa Julai 2021, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Kisha Julai 2023 ikaja kodi ya asilimia 5 kwa huduma za kidijitali, ambayo inawahusu watoa huduma wasio wakazi wa Uganda, yaani kampuni za nje. Hakuna hata moja kati ya hizo inayochukua nafasi ya kodi ya mapato ya muuzaji. Anayeuza kupitia simu yuko chini ya sheria ile ile inayomhusu mwenye duka Kikuubo.

Kwa wengi sheria hiyo maana yake ni kodi ya makadirio, inayowahusu wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 150. Kwa viwango vilivyoanza 1 Julai 2020, mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayatozwi kitu. Juu ya hapo kuna njia mbili, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu.

Chukua mfano wa mama anayeuza nguo za watoto mtandaoni, mauzo yake yakafika milioni 60 kwa mwaka. Kama hana kumbukumbu za mauzo, anaangukia kundi la milioni 50 hadi 80 na kulipa shilingi 400,000. Kama anazo, analipa 180,000 na kuongeza asilimia 0.6 ya kile kilichozidi milioni 50. Hiyo ni 60,000, jumla 240,000. Daftari limemwokolea shilingi 160,000. Mwenzake mwenye mauzo ya milioni 120 atalipa 900,000 bila kumbukumbu. Akiwa nazo ni 360,000 pamoja na asilimia 0.7 ya milioni 40 iliyozidi 80, yaani 280,000, jumla 640,000. Hata wa milioni 25, anayetozwa 80,000 bila daftari, atalipa 60,000 akiwa nalo.

Kodi hii inahesabiwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Anayefanya biashara ya mitumba anajua uchungu wake: robota moja linaweza kutoka na nguo safi tupu, la pili likatoka na matambara ya kufutia meza, lakini mauzo ya yote mawili yanahesabiwa. Wachumi wamebishana sana kuhusu haki ya kodi ya namna hii. Kwa maoni yangu, kwa biashara yenye bahati nasibu kama mitumba, ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, ila urahisi wake ndio unaoifanya idumu.

Kwa sababu hiyo, kiasi unachokiita mauzo lazima kiwe sahihi. Mteja wa Ntinda anapotuma shilingi 85,000 kwenye simu, 80,000 za gauni na 5,000 za bodaboda, rekodi ya simu inaonyesha kitu kimoja tu: 85,000. Usipoandika kando kwamba 5,000 zilikwenda kwa dereva, zitaonekana ni mauzo yako. Hali ni hiyo hiyo kwa pesa za chama, mkopo wa shemeji au karo iliyotumwa na ndugu aliye Dubai. Dawa ni kuwa na laini moja ya biashara na nyingine ya nyumbani. Dalali anayeuza mali ya mtu mwingine naye aandike makubaliano: pato lake ni kamisheni, lakini bila karatasi bei nzima itahesabiwa kuwa yake.

Je, URA watajuaje? Sheria ya taratibu za kodi inampa Kamishna uwezo wa kudai taarifa kutoka kwa mtu yeyote, zikiwemo benki na kampuni za simu. Kwingineko wamekwenda mbali zaidi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 1 Januari 2023 majukwaa ya mauzo yanapaswa kuripoti wauzaji wao kwa mamlaka za kodi. Anayeuza bidhaa chini ya mara 30 kwa mwaka na kupata si zaidi ya euro 2,000 haripotiwi. Uingereza ilifuata Januari 2024. Ndugu zetu walioko London wanaokusanya nguo na simu na kuziuza huko huko waelewe hivyo. Jirani Kenya, tangu 27 Desemba 2024, mwenye jukwaa hukata kodi ya zuio kwenye malipo anayompa muuzaji: asilimia 5 kwa mkazi na asilimia 20 kwa asiye mkazi. Mtu wa Kampala anayeuza kupitia jukwaa la Nairobi apige hesabu hiyo kabla ya kupanga bei.

Mauzo yakivuka milioni 150 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 2015, mambo ni mengine. Hapo unajisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, unawasilisha ritani kila mwezi kabla ya tarehe 15 kupita, na unatoa stakabadhi za kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS, uliokuwa wa lazima tangu Januari 2021 na ambao Aprili 2024 uliwafanya wafanyabiashara wa Kampala wafunge maduka. Muuzaji wa mtandaoni hana mlango wa kufunga, lakini wajibu ni ule ule.

Kwa wanaouza nje ya mpaka, kuna kosa la kawaida. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotokana na nchi wanachama. Shati lililoshonwa Bangladesh, likavaliwa Ujerumani na kuuzwa Owino halina asili ya Afrika Mashariki, hata kama ushuru wake ulilipwa kabla ya kufika Kampala. Likienda Kisumu kupitia Busia au Goma kupitia Bunagana, linapaswa kutangazwa forodhani. Msafirishaji asikubali furushi lisilo na ankara ya muuzaji kwa sababu tu mnunuzi ameshalipa kwa simu. Mzigo ukizuiwa mpakani, gari ndilo linalolala pale. Kwa muuzaji aliyesajiliwa VAT, mauzo ya nje hutozwa asilimia sifuri, ila ni kwa mwenye hati za forodha zinazothibitisha kwamba mzigo ulitoka nchini.

Anayeagiza marobota kwa jina lake mwenyewe akumbuke pia kodi ya zuio ya asilimia 6 inayokatwa bandarini. Hiyo si gharama iliyopotea: hupunguzwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka, mradi risiti iko kwa jina lako na si kwa jina la wakala uliyechanga naye kontena.

Mwaka wa kodi huishia 30 Juni na ritani ya mapato inatakiwa kufika 31 Desemba. Anayechelewa hutozwa asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000, kile kilicho kikubwa, kwa kila mwezi. Kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Tangu Julai 2025 sheria inaruhusu namba ya kitambulisho cha taifa itumike kama namba ya mlipakodi. Viwango hubadilika kwa bajeti ya kila Juni, kwa hiyo ulizia ofisi ya URA iliyo karibu nawe kabla ya kujaza fomu.