Matanga Yaliyonyimwa: Mila za Wafungwa wa Kiayalandi katika Koloni la New South Wales

Maofisa wa Kiingereza waliotawala koloni la New South Wales katika miaka yake ya mwanzo waliwaeleza wafungwa wa Kiayalandi kuwa watu walevi, wajinga na wala njama, na kwa kuwa wengi wa wafungwa hao hawakujua kuandika, maelezo hayo yamerithiwa na vizazi vya wasomaji bila kuhojiwa. David Collins, ofisa wa sheria wa koloni, aliikumbuka Sikukuu ya Mtakatifu Patrick ya mwaka 1795 kwa sababu tu usiku wake mahabusu ilijaa watu, na Samuel Marsden, kasisi wa Kianglikana wa Parramatta aliyekuwa pia hakimu, aliwahesabu kuwa washenzi wasiostahili hata kuruhusiwa ibada yao. Hakuna kati ya wawili hao aliyeuliza watu hawa waliishi kwa mila gani kabla ya kutiwa minyororo, wala ni kipi katika mila hizo kilichowafanya waendelee kuwa watu baada ya kutiwa minyororo.

Uhamisho, yaani adhabu ya kumwondoa mtu nchini na kumpeleka kufanya kazi ya kulazimishwa katika koloni la mbali kwa miaka 7, miaka 14 au maisha yake yote, ulianza kuwafikisha Waayalandi Australia moja kwa moja kutoka kwao mwaka 1791, meli ya Queen ilipong'oa nanga Cork mwezi Aprili na kuingia Sydney mwezi Septemba. Kati ya wafungwa wapatao 162,000 waliopelekwa Australia hadi mwaka 1868, takriban 40,000 walipakiwa katika bandari za Ayalandi. Si kweli kwamba wote walikuwa wapigania uhuru, kama wanavyopenda kusimulia baadhi ya wazalendo. Wengi wao waliiba kondoo, ng'ombe, nguo au chakula, na waasi wa mwaka 1798, waliotaka kuung'oa utawala wa Kiingereza kwa mikuki, walikuwa sehemu ndogo tu. Hata hivyo mwizi wa kondoo na mwasi walilelewa katika vijiji vya namna moja, na mila walizobeba zilikuwa zilezile.

Kubwa kuliko zote ilikuwa mila ya matanga. Mtu alipofariki katika kijiji cha Ayalandi, saa ya nyumba, kama ilikuwepo, ilisimamishwa, vioo vikafunikwa, maiti ikaoshwa na kulazwa ndani ya nyumba ileile aliyoishi, na majirani wakakesha nayo usiku kucha, mara nyingi na usiku wa pili, bila kuiacha peke yake hata kidogo. Viko vya udongo na sahani ya tumbaku viliwekwa kwa ajili ya kila aingiaye, naye alipiga magoti na kumwombea marehemu kabla ya kuketi. Kisha wakaja wanawake wenye kipaji cha kuomboleza, wakainama juu ya maiti wakiimba kwa kupokezana, wakimwita marehemu kwa jina lake, wakitaja baba zake na mahali walipotoka, wakimsifu kwa ukarimu wake na kumlaumu kwa kuwaacha, na waliokuwepo wakaitikia kilio hicho hadi kikasikika mbali. Vijana walikuwa na michezo yao ya usiku wa matanga, na ndiyo iliyowachukiza maaskofu na wasafiri wa kigeni, ambao waliona dhihaka mahali ambapo wenyeji walikuwa wakimkalisha mwenzao katika karamu yake ya mwisho. Lawama hiyo haina haki. Jamii inayokataa kumwacha maiti peke yake gizani haiwezi kuitwa jamii isiyowaheshimu wafu.

Ni kwa kuijua mila hii ndipo ukali wa uhamisho unapoeleweka. Miaka ya baadaye, Waayalandi walioondoka kwa hiari kwenda Marekani walifanyiwa na jamaa zao mkesha wa namna ya matanga usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa ilijulikana kwamba hawataonana tena. Mfungwa, aliyekwenda mbali zaidi, hakuupata mkesha huo, kwani alitoka gerezani moja kwa moja hadi bandarini, na kuanzia miaka ya 1820 wanaume wengi walisubiri safari ndani ya meli kuukuu zilizogeuzwa magereza na kufungwa nanga karibu na Cork na Kingstown. Akifa njiani alitupwa majini, kama walivyotupwa makumi ya wafungwa wa meli za Hercules na Atlas mwaka 1802. Akifa koloni, aliombewa na kasisi wa dini isiyo yake na kufukiwa miongoni mwa watu ambao huenda hakuna aliyelijua jina la babu yake. Maofisa waliandika kuhusu mgawo wa unga na nyama, kuhusu viboko na minyororo, na wanahistoria wakawafuata. Kunyimwa huku kwa matanga, ambako kwa watu wenyewe hakukuwa kudogo kuliko viboko, kumeandikwa kidogo mno.

Mila ya pili ni kiapo. Tangu miaka ya 1760 wakulima wa Ayalandi walijiunga katika vikundi vya siri, kikiwemo kile cha Whiteboys, kilichoitwa hivyo kwa sababu wanachama wake walivaa mashati meupe juu ya nguo zao walipotoka usiku kubomoa nyua za mabwana ardhi waliogeuza ardhi ya kijiji kuwa malisho ya mifugo yao. Aliyeingia aliapa kutowataja wenzake, na serikali ilikiogopa kiapo kuliko silaha: sheria ya mwaka 1796 ilimpa adhabu ya kifo mwenye kuapisha, na iliporejeshwa miaka ya 1820 mtu aliweza kuhamishwa kwa miaka 7 kwa kukutwa tu nje ya nyumba yake usiku. Wafungwa walivuka bahari na adabu hiyo ya kutotaja. Joseph Holt, kiongozi wa waasi aliyehamishwa, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi mwaka 1800 huko Toongabbie kijana aliyeitwa Galvin alivyochapwa viboko 300 ili aonyeshe mikuki ilikofichwa. Ngozi ya mgongo ilipokwisha wachapaji wakashuka chini, na huko nako ilipokwisha wakaishia miguuni, naye hakumtaja mtu. Marsden, aliyehusika na uchunguzi huo, aliona ukaidi. Mtu aliyelelewa katika nchi ambamo mahakama iliendeshwa kwa lugha ambayo washtakiwa wengi hawakuielewa vizuri, na ambamo mtoa habari alilipwa pesa huku kijiji kikinyongewa watu wake, hakuwa na jina jingine la kitendo hicho ila uaminifu. Uasi wa Castle Hill wa Machi 1804, ambapo mamia ya wafungwa walimfuata Philip Cunningham na kushindwa siku ya pili, ulijengwa juu ya viapo hivyohivyo, na Cunningham alinyongwa bila kesi.

Ibada nayo iliendeshwa kwa ustadi wa watu waliozoea kujificha, kwa maana katika karne ya 18 Wakatoliki wa Ayalandi walikuwa wamesali Misa juu ya miamba na maghalani chini ya sheria za kuwakandamiza. Padri James Dixon, naye mfungwa, aliruhusiwa kuadhimisha Misa ya hadhara Sydney tarehe 15 Mei 1803, na inasimuliwa kwamba kikombe chake kilitengenezwa kwa bati na mavazi yake yakashonwa kwa mapazia makuukuu. Baada ya Castle Hill ruhusa ikafutwa. Mwaka 1817 alifika Padri Jeremiah O'Flynn bila kibali cha serikali, akafukuzwa mwaka uliofuata, na Ekaristi Takatifu ikabaki katika nyumba ya mfungwa wa zamani, ambamo walei, wasio na padri yeyote, walikusanyika kusali rozari mpaka Mapadri Therry na Conolly walipowasili Mei 1820. Huenda hakuna jambo katika maisha ya koloni hilo lililo zuri kuliko hili, nalo halikuamriwa na mtu.

Ngoma, fidla na pombe, ambavyo wageni waliviandika kupita kiasi, havihitaji zaidi ya mstari huu. Ushairi wa kukashifu unastahili neno, kwa sababu kwa Waayalandi wa kale beti za mshairi ziliogopwa na wafalme, na Francis MacNamara, aliyehamishwa mwaka 1832 kwa wizi wa kitambaa na kuchapwa mamia ya viboko, aliuendeleza utamaduni huo mwaka 1839 kwa utenzi wa mfungwa azuruye jehanamu na kuwakuta humo magavana na makamanda, huku mfungwa mwenyewe akipokewa mbinguni.

Karibu yote haya yamepotea. Kigaeli, lugha ya maombolezo, hakikurithishwa kwa watoto waliozaliwa koloni, na uhamisho ulipokwisha familia nyingi zilificha asili yao kwa aibu. Hata Van Diemen's Land, koloni jingine la wafungwa, ilibadili jina ikawa Tasmania mwaka 1856. Nakala za kumbukumbu za uhamisho ambazo serikali ya Ayalandi iliizawadia Australia mwaka 1988 zimewarudishia wajukuu majina, na ndani yake mna barua za maombi za wanawake, nyingine zikiwa zimetiwa alama ya msalaba mahali pa sahihi, wakiomba nauli ya bure wawafuate waume zao. Waliokubaliwa walikuwa hasa wake za wafungwa wenye tabia njema. Waliokataliwa waliendelea kuhesabiwa na Kanisa kuwa wake za watu, wakiwa hawana mume wa kuishi naye wala maiti ya kukesha nayo.