Picha ya wawili mlimani: msifichane maumivu

Wapo wanandoa wanaopanda Kilimanjaro wakiwa na shela na suti kwenye begi, ili wapige picha juu ya mawingu. Kituo cha Horombo kiko mita 3,720, na ugonjwa wa mwinuko huweza kumpata mtu kuanzia mita 2,500.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu. Hatari ni pale mmoja anaponyamaza asimharibie mwenzake siku. Ulizaneni hali kila mnapopumzika.

Ukiona mwenzako anayumba, anachanganyikiwa au anahema akiwa amekaa, wekeni kamera kando, mwambieni mwongozaji na mshuke mara moja, hata kama ni usiku.

Makoti myavue kwa dakika chache tu. Mjamzito amwone daktari kabla ya safari.