Kumpeleka Msomaji Kwingine: Mpango wa Njia katika Programu Zilizogawanywa kwa Moduli

Makala haya yanakusudia kueleza jambo dogo linalowasumbua sana watungaji wa programu za tovuti: ndani ya programu iliyogawanywa katika moduli nyingi, ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtumiaji katika ukurasa mmoja na kumpeleka katika mwingine? Swali hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini mwanafunzi aliyetozwa minervali mara mbili, kwa sababu tu aliufungua upya ukurasa wa malipo uliokawia, hataliona hivyo.

Tuanze na jambo linalojulikana. Ofisi ikihama, karani hubandika karatasi mlangoni kuonyesha jengo jipya. Mgeni huisoma, akageuka, akaenda. Seva nayo hufanya vivyo hivyo. Kivinjari kinapoomba anwani fulani, seva yaweza kujibu kwa namba inayoanza na 3 pamoja na anwani nyingine, na kivinjari kikaenda kuomba huko. Tendo hili tutaliita uelekezaji. Wako wanaopendelea «uelekezaji upya», ingawa hatuoni neno «upya» linaongeza nini.

Namba zenyewe hazichaguliwi ovyo. 301 yasema kwamba ofisi imehama moja kwa moja, na 302 kwamba imehama kwa muda. Zote mbili zimo katika maelezo ya HTTP/1.0 ya mwaka 1996. Kivinjari chaweza kuihifadhi 301 na kutorudi kuuliza tena, hata baada ya kosa kusahihishwa, hivyo asiye na hakika asiitumie. 302 nayo ilizua utata: vivinjari vingi viligeuza ombi la POST, yaani la kukabidhi habari, kuwa ombi la GET, yaani la kusoma tu. Ndipo HTTP/1.1 ya mwaka 1997 ilipoleta 303, yenye maana ya «kasome kule», na mwaka 1999 ikaongezwa 307, yenye maana ya «lirudie ombi lako kule bila kuligeuza».

303 ndiyo inayomfaa mwanafunzi wetu. Baada ya kupokea malipo, seva isimwonyeshe risiti papo hapo, bali imwelekeze kwenye ukurasa wa risiti. Akiufungua upya ukurasa huo, atakuwa anasoma tu, halipi. (Aliyebonyeza kitufe mara mbili kabla ya jibu kufika huhitaji kinga nyingine, kama vile namba ya pekee kwa kila malipo.)

Sasa tufikie kiini cha mambo. Tuchukue programu ya chuo yenye moduli tatu: utambulisho, wasifu na malipo. Mtungaji wa malipo aliandika kwamba asiyekamilisha wasifu apelekwe kwenye wasifu. Mtungaji wa wasifu, aliyekuwa akifanya kazi peke yake, aliandika kwamba asiyelipa asiguse wasifu, apelekwe kwenye malipo. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kila moduli ilipojaribiwa peke yake ilifanya kazi bila kosa. Zilipounganishwa, mwanafunzi mpya akawa anarushwa huku na huku kama mpira, hata kivinjari kikakata tamaa. Kosa halimo katika moduli yoyote. Limo katikati yao, mahali pasipo na mwenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza kutenganisha mambo mawili. Moduli itoe taarifa ya lililotokea: «malipo yamepokelewa», «wasifu haujakamilika». Isitaje anwani ya ukurasa wa moduli nyingine. Sehemu moja ya programu, tuiite kiongozi, ndiyo itakayosoma taarifa hiyo na kuamua safari inayofuata. Masharti yote yakikaa mahali pamoja, mzunguko kama ule wa juu huonekana kwa kusoma tu, kabla mwanafunzi hajaufikia.

Wengine hupinga wakisema kwamba kiongozi huyo atakuwa jedwali refu ambalo kila mtu atagombania kulihariri. Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake ni kwamba kila moduli ije na orodha ya njia zake yenyewe, kila njia ikiwa na jina, mathalani «malipo:risiti», na programu kuu iziunganishe orodha hizo. Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, hufuata utaratibu huu: msimbo hutaja jina, na anwani hutafutwa kwa jina hilo. Anwani ikibadilika, hubadilishwa mahali pamoja tu.

Majina yana faida ya pili, nayo ni ya usalama. Mara nyingi mtu asiyejitambulisha hupelekwa kwenye ukurasa wa kujitambulisha, huku anwani aliyotaka ikibebwa pamoja naye ili arudishwe huko baadaye. Programu ikiifuata anwani hiyo bila kuikagua, mlaghai aweza kutengeneza kiungo kinachoanza kwa jina halisi la chuo na kuishia kwenye tovuti yake ya kuibia maneno ya siri. Kiongozi anayekubali majina ya njia za ndani tu hamwachii mlaghai nafasi hiyo.

Limebaki tahadhari moja kwa wanaoandika kwa PHP, nao ni wengi. Amri ya kuelekeza haisimamishi programu. Seva hutayarisha jibu la «nenda kule», kisha mistari inayofuata huendelea kutekelezwa, hata ile ya kufuta alama za mtihani, ijapokuwa aliyeomba hakuwa na ruhusa. Kivinjari chamwonyesha ukurasa wa kujitambulisha. Alama zimekwisha kufutwa. Amri ya kusimamisha lazima ifuate mara moja, na kwa kuwa kuikumbuka katika kila moduli ni vigumu, ni afadhali iandikwe mara moja tu, ndani ya kiongozi.