Ufunguo Uko kwa Nani?

Katika shule nyingi za bweni, prepo ikishakwisha na taa zikazimwa, mlezi hufunga mlango kwa kufuli. Hufanya hivyo kwa nia njema. Nje kuna wezi, kuna vijana wa mtaani wanaoruka ukuta, na ndani kuna wanafunzi ambao hakuna uzio uliowahi kuwashinda. Mzazi aliyempeleka binti yake bweni anataka mlango huo ufungwe. Mkuu wa shule naye anajua kwamba mmoja akitoroka usiku, asubuhi ni yeye atakayeitwa kujieleza. Ndivyo nondo za madirishani zilivyoingia, na makufuli yakazidi ukubwa. Mpango wowote wa dharura shuleni unapaswa kuanzia hapo, maana huko ndiko watoto wetu walikofia.

Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 waliteketea katika bweni la Sekondari ya Shauritanga, Rombo. Machi 1998 ikafuata Bombolulu, pwani ya Kenya: wasichana 26, milango imefungwa, madirisha yana nondo. Machi 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, lilimwagiwa petroli na kuwashwa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, nondo zilikuwapo, na wavulana 67 hawakutoka. Baadaye Idodi mkoani Iringa mwaka 2009, wasichana 12; Byamungu wilayani Kyerwa mwaka 2020, watoto 10; na Septemba 2024 Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21 katika bweni lililolaza zaidi ya 150. Chanzo hubadilika: huku petroli, kule mshumaa, kwingine hitilafu ya umeme au kisichojulikana. Kisichobadilika ni kwamba watoto walikuwa wamelala.

Kanuni hazikukosekana. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unasema mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano angalau, ufunguke kwa nje, na usifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Ni maandishi mazuri, na yalikuwa na umri wa miaka 16 Endarasha ilipowaka. Tatizo mojawapo ni kwamba mkaguzi huja mchana. Saa nne asubuhi kila mlango uko wazi, vitanda vimetandikwa, na wanafunzi wako darasani. Anachokagua ni jengo tupu. Bweni lenyewe, yaani jengo pamoja na watoto, giza na kufuli, huonekana baada ya saa nne usiku, na njia pekee ya kulikagua saa hiyo ni kufanya zoezi.

Kwa hiyo tulifanye. Tuseme bweni lina wasichana 80 kwenye vitanda 40 vya deka, masanduku ya bati yamepangwa chini na mengine katikati ya njia kwa kukosa nafasi. Ni saa saba usiku. Mwalimu wa zamu anagonga kengele, ambayo katika shule zetu nyingi ni ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini.

Kosa la kwanza linajitokeza papo hapo. Kengele hiyohiyo ndiyo ya kuamkia, ya uji, ya mstarini na ya kwenda kulala. Wengi hawaamki kabisa. Usingizi wa mtoto ni mzito, na watafiti wameonyesha kwamba hata vile ving'ora vyembamba vya moshi vinavyouzwa madukani huwapita watoto wengi bila kuwashtua. Wachache wanaoamka wanadhani kumekucha. Mmoja anatafuta ndoo awahi bombani, mwingine anatandika kitanda. Hapana budi dharura iwe na mlio wake peke yake: kugonga mfululizo bila kupumzika, pamoja na sauti za watu zinazotamka neno lenyewe, moto, na viranja wa kila kona waliofundishwa kuwatikisa walio jirani. Kuamsha ni kazi inayopaswa kugawiwa kama zinavyogawiwa zamu za usafi.

Kosa la pili liko mkononi mwa mlezi. Ana kishada cha funguo: za bweni, za stoo, za bafuni, za chumba chake, na hakuna hata mmoja wenye alama. Amewasha tochi ya simu na kuibana kwa kidevu huku akijaribu ufunguo wa tatu, na hapo anajua kwamba ni zoezi tu. Akiwa amesafiri kwenda msibani, ufunguo uko kwa nani? Ukiuliza swali hilo kwenye kikao cha walimu, majibu huwa mengi, na wingi wa majibu ni sawa na kutokuwa na jibu.

Sasa tuhesabu muda. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyeivuta hulegea kabla hajafahamu kwamba ana shida. Ndiyo maana wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia, na ndiyo maana watoto hufundishwa kutambaa: moshi wa moto hupanda juu, hewa inayofaa hubaki karibu na sakafu. Lakini usitegemee zaidi ya dakika chache. Funguo tatu za kujaribu zimeshakula moja.

Mlango wenyewe nao una maneno. Ukifungukia ndani, wa mbele wakausogelea na wa nyuma wakawasukuma, uzito wa watu ndio unaoufunga, na hakuna nguvu ya mtoto itakayouvuta. Gharama ya kuugeuza ufungukie nje ni siku moja ya fundi seremala.

Watoto wakishatoka, wengi hudhani zoezi limekwisha. Mimi naona hapo ndipo sehemu ngumu inapoanza. Wako uwanjani, wanatetemeka, wamechanganyikana na bweni la pili. Nani hayupo? Rejista ya darasa haisaidii kitu saa saba usiku. Inayotakiwa ni orodha ya waliolala humo usiku huo, iliyojazwa kwa kuita majina kabla ya taa kuzimwa, ikionyesha aliyelazwa zahanati na aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani, kisha ikatunzwa nje ya bweni. Orodha iliyobaki ndani ya meza ya mlezi inaungua pamoja na meza. Na jina lisilopatikana ni hatari kwa walio hai, maana rafiki au dada yake atataka kurudi ndani kumtafuta.

Kuna hila moja ninayowapendekezea wakuu wa shule. Kabla ya zoezi, mchukue mwanafunzi mmoja kwa siri, umlaze chumba cha wagonjwa bila kumwambia mlezi, kisha shika saa uone itachukua muda gani mpaka mtu aseme fulani hayupo. Wakati mwingine hakuna anayesema.

Utaona kwamba karibu kila kilichoharibika usiku ule ni cha watu wazima. Watoto hujifunza upesi. Wakifanya mara mbili tatu wanatoka kwa utulivu kuliko walimu wao. Zoezi linalomalizika kwa hotuba ya kuwalaumu wanafunzi kwamba mlichelewa limepotezwa. Na wadogo wasitishwe bure. La kwanza litangazwe mapema na lifanywe mchana ili waijue njia, ndipo lije la usiku, na lile la kushtukiza libaki la mwisho.

Wanaotetea kufuli hawatetei upuuzi, na kuwabeza hakusaidii. Hofu yao inahitaji jibu: komeo linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, mlinzi anayekesha nje ya mlango badala ya kusinzia getini, uzio imara unaozunguka eneo zima, na pale nondo zisipoepukika, dirisha moja au mawili yenye nondo za bawaba zinazosukumwa kutoka ndani. Haya yote ni fedha, na ni lazima yaingie kwenye bajeti kabla ya rangi ya ukuta wa mbele. Kwa shule ambazo moto huwashwa na wanafunzi wenyewe, kama ilivyokuwa Kyanguli, hata mlango bora hauwezi kufanya kazi ya mwalimu anayesikiliza manung'uniko mapema.

Mchana nao una hatari zake. Februari 2020 wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi Kakamega walikufa kwenye ngazi walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Hapakuwa na moto wala tetemeko. Ghorofa yenye watoto mamia inahitaji mpangilio wa nani anashuka kwanza na mwalimu wa kusimama kwenye kona ya ngazi, na hilo huweza kufanyiwa mazoezi kila siku kengele ya kutoka inapolia.

Kisha kuna mahali pa kukusanyikia. Shule ya msingi ya Okawa, Japani, ilikuwa na mpango ulioandikwa, ila kwa upande wa tsunami ulitaja tu uwanja wazi au bustani iliyo karibu, bila kusema ipi. Tarehe 11 Machi 2011 watoto na walimu walikaa uwanjani kama dakika 50 baada ya tetemeko, kilima kikiwa nyuma yao, na watoto 74 na walimu 10 wakapotea. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Sendai iliamua kwamba shule na mamlaka zake zilizembea katika maandalizi. Shule iliyo bondeni au kando ya mto haina budi kuandika jina la kilima.

Zimamoto nchini Tanzania hupigiwa 114, na namba hiyo ibandikwe kila mlango. Lakini gari linaweza kutoka makao makuu ya wilaya, kwa barabara ya vumbi, kwa hiyo nusu saa ya kwanza, au zaidi, ni ya shule yenyewe. Mtungi wa kuzimia moto unafaa kwa moto mchanga tu, na uliofungiwa ofisini kwa mkuu usije ukaibwa hauna tofauti na picha iliyotundikwa ukutani.

Limebaki kundi ambalo mipango mingi hulisahau. Oktoba 2022 moto uliua watu 11, wengi wao watoto, katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Uganda. Asiyeona, anayetembelea magongo, asiyesikia kengele: kila mmoja anahitaji kitanda kilicho karibu na mlango, kitanda cha chini, na mwenza wa kutoka naye. Mwenza apangwe kwa ukaribu wa vitanda, urafiki wa darasani usiangaliwe, kwa kuwa saa saba usiku rafiki anaweza kuwa amelala upande wa pili wa bweni. Na wenza wawe wawili, maana siku ya moto mmoja wao anaweza kuwa ndiye aliyelazwa zahanati.