Umeachia Mafuta, Injini Bado Inavuma



Umetoka Chamazi alfajiri na pikapu yenye mchicha na bamia. Unakwenda soko la Temeke Stereo. Unapofika Mbagala Rangi Tatu, magari yamesimama. Unaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, lakini injini haitulii. Inavuma kama vile bado umekanyaga. Mbele yako watu wanavuka Barabara ya Kilwa. Utafanya nini?

Jibu lake ulijue kabla ya siku hiyo. Kanyaga breki kwa nguvu, usiachie. Usikanyage na kuachia, kukanyaga na kuachia. Katika magari mengi ya petroli, breki husaidiwa na mvuto wa hewa wa injini. Lango la hewa likibaki wazi, mvuto huo hupungua. Kila unapoachia breki, unapoteza ule kidogo uliobaki. Halafu kanyaga klachi, utoe gia. Kama gari ni la otomatiki, sukuma mkono wa gia kwenye N. Injini italia sana. Iache ilie, maana haisukumi tena magurudumu. Ukishasimama kando ya barabara, ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari likiwa linakwenda, kwa sababu usukani unaweza kujifunga.

Sasa tutafute ugonjwa. Mimi ni bwana shamba, si fundi wa magari. Lakini mazao yetu mengi hufika sokoni kwa magari yaliyozeeka, na gari bovu huozesha mboga njiani. Basi tuanze na kitu unachokijua, yaani mfereji wa maji. Kwenye mfereji kuna lango. Ukilifungua, maji yanaingia shambani. Kwenye injini ya petroli pia kuna lango, nalo ni kibati cha duara kinachozuia hewa. Waya hutoka kwenye pedali mpaka kwenye mkono mdogo wa lango hilo. Ukikanyaga, waya unavuta na lango linafunguka. Ukiachia, springi inalifunga.

Injini ikivuma bila kukanyagwa, uliza swali moja. Je, lango limeshindwa kufunga, au hewa imepata njia nyingine, kama maji yanayopita kwenye tundu la kaa chini ya lango?

Watu wengi hawaulizi. Nimemwona mkulima akinunua kabureta kuukuu kwa fedha za mbegu. Ilipofungwa, injini ikavuma vilevile. Kumbe kilichonasa ni waya.

Zima injini, uiache ipoe. Kwanza tazama sakafuni. Je, kapeti imepanda juu ya pedali? Usidharau jambo hili. Mwezi Agosti 2009, karibu na San Diego huko Marekani, watu 4 walikufa katika gari la Lexus. Wachunguzi waliona kuwa kapeti isiyo ya gari lile ilikuwa imeshika pedali. Mwaka 2010 Toyota iliita magari yapata milioni 2.3 nchini humo ili yarekebishwe, kwa kuwa pedali zenyewe ziliweza kunasa. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2, kwa kuwa iliwapa wateja habari zisizo za kweli juu ya hatari hizo.

Kapeti ikiwa sawa, fungua boneti. Mtu mmoja akanyage pedali na kuachia, nawe utazame mkono wa lango. Unatakiwa kurudi ghafla mpaka mwisho. Ukirudi polepole au ukiishia njiani, toa waya, kisha usukume mkono huo kwa kidole. Ukirudi vizuri bila waya, ubaya uko kwenye waya au pedali. Usiporudi, lango ni chafu au springi imechoka.

Huku kwetu mchanga ni mwingi, na hewa ya bahari ina chumvi. Nyuzi za waya hupata kutu na kukatika mmoja mmoja, kisha hukwama ndani ya ganda lake. Waya wa namna hiyo hauponi kwa oili. Nunua mwingine. Wala usifunge kipande cha tyubu ya baiskeli mahali pa springi. Joto na petroli vitakila, nawe utarudi Rangi Tatu na hatari ileile. Lango chafu hufutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, betri ikiwa imefunguliwa, mbali kabisa na sigara na jiko.

Je, lango linafunga vizuri na injini bado inavuma? Kama imewashwa asubuhi sasa hivi, ngoja dakika chache ipate moto. Mwanzoni huwa juu kidogo. Ikibaki vile, sikiliza mluzi kwenye mipira myembamba ya hewa. Bana mmoja mmoja kwa koleo, polepole. Ukibana mmoja na injini ikatulia, hewa inapita hapo. Kwenye gari la kabureta tazama pia kama choki imenasa. Skrubu ya sailensa usiiguse kwanza, maana itaficha ugonjwa.

Magari mengi ya siku hizi hayana waya. Lango hufunguliwa na mota ya umeme. Hilo usilisukume kwa kidole. Mpelekee fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Hata gari lako likiwa la waya, ukienda kwa fundi mweleze ulichokiona: "Nimetoa waya, mkono umerudi vizuri." Hapo ataanza na waya, hataanza na kabureta.